Nazi Imekosa Nini?

Msomaji, ziko hukumu zitolewazo hadharani kwa sauti kubwa, na ziko hukumu zitolewazo kwa kalamu nyekundu pasipo neno. Hizi za pili ndizo zidhuruzo zaidi, kwa sababu mshtakiwa hapati nafasi ya kujitetea. Miaka michache iliyopita nilialikwa katika shule moja ya wasichana, ambayo sitaitaja, kutazama maonyesho ya mapishi. Juu ya meza ndefu zilipangwa keki kumi na mbili, zote zimepakwa sukari nyeupe, zote zimefanana kama sahani za duka moja. Mwisho wa meza ulikuwapo mkate wa kumimina. Binti aliyeupika alikuwa mtu wa Kwale. Aliloweka mchele tangu jana yake, akakuna nazi mbili kwa mkono wake, akaamka alfajiri kupalia makaa. Mwamuzi alikata kipande, akauliza siagi iko wapi na unga wa ngano uko wapi. Alipojibiwa kwamba havimo, aliandika katika karatasi yake maneno matatu: "Hii si keki." Binti akawa wa kumi na tatu katika watu kumi na watatu.

Siku ile nilinyamaza, maana mgeni hufungwa na adabu. Leo si mgeni wa mtu yeyote, nami nina haki ya kuuliza: nazi imekosa nini?

Kwanza tuitazame kazi aliyoifanya yule binti, kwa kuwa aghalabu mtu hudharau asichokijua. Nazi haiji jikoni kama mkate uliokatwa vipande na kufungwa karatasi. Huanza kuchaguliwa. Mpishi huishika mkononi, akaitikisa karibu na sikio, akasikiliza maji yake. Nazi iliyokomaa hucheza maji; isiyo na maji kabisa yamkini imepasuka au imeoza. Kabla ya kufika hapo tunda hili limepita daraja zake, na kila daraja lugha yetu imeipa jina: kidaka, kitale, dafu, koroma, na mwisho nazi. Hayo si majina ya mapambo. Dafu hunywewa, nazi hukunwa, na koroma, ambalo limeliacha la kwanza na halijalifikia la pili, halifai sana kwa lolote. Lugha iliyolipa tunda moja majina matano ilitazama kwa makini sana, na nina shaka kama mwamuzi wetu aweza kuyataja matatu.

Ikishafuliwa makumbi na kupasuliwa, nazi huenda kwenye mbuzi. Msomaji wa bara asinielewe vibaya: sisemi mnyama. Mbuzi ya kukunia nazi ni kibao cha kukalia chenye chuma cha meno kilichochomoza mbele. Mkunaji hukaa juu yake, akashika kifuu kwa mikono miwili na kukizungusha juu ya meno, mpaka nyama yote nyeupe imeshuka katika sinia. Asiyejua huendelea kukuna mpaka akafikia ngozi ya kahawia iliyogandamana na kifuu, na tui lake huwa na rangi ya uchafu. Ajuaye huacha kabla ya hapo. Tofauti ya hao wawili ni unene wa ukucha, nayo haifundishwi kwa maneno.

Nazi iliyokunwa hutiwa maji ya vuguvugu, ikakandwa na kukamuliwa katika kifumbu au chujio. Tui la kwanza ni zito, na watu wa Mombasa huliita kasimile. Machicha yakitiwa maji tena hutoa tui la pili, ambalo ni jepesi, na hata la tatu. Sasa angalia utaratibu wa mpishi. Mbaazi, mchele, muhogo au ndizi hupikwa kwa tui jepesi. Kasimile huwekwa kando, hutiwa mwisho kabisa, na tangu litiwapo upawa haupumziki mpaka chungu kitakapoteremka. Ukimwuliza bibi kwa nini, atakwambia: tui lisikatike. Ukimwuliza mwalimu wa kemia, naye akiwa mwalimu wa kweli, atakwambia kwamba tui ni matone madogo sana ya mafuta yaliyotawanyika katika maji, yakizuiwa yasiungane na protini za nazi yenyewe. Moto ukizidi, protini hugandamana, matone hukutana, na mafuta huelea juu. Mmoja amesema kwa neno moja na mwingine kwa maneno thelathini, lakini jambo ni lile lile. Na bibi huyo huyo akihitaji mafuta ya nazi, huligeuza jambo kwa makusudi: huliacha tui la kwanza lichemke mpaka likatike, maji yakaushwe, mafuta yabaki. Mtu awezaye kukizuia kitu kisitokee, na kukitokeza atakapo, tunamwitaje katika maabara? Tunamwita mtaalamu. Jikoni tunamwita mwanamke wa kawaida.

Narudi kwenye mkate ulioambiwa si keki. Mchele ulioloweshwa husagwa pamoja na tui mpaka ulainike, ukatiwa sukari, iliki na hamira, ukaachwa uumuke. Kisha humiminwa katika sufuria yenye moto iliyopakwa mafuta. Chini kukishika, mfuniko hutiwa makaa juu yake, na makaa ya chini hupunguzwa, ili mkate uive kutoka pande mbili. Unga wa ngano una gluteni, yaani kitu kinyumbukacho kama mpira, ambacho huikamata hewa ya hamira kisiiachie. Mchele hauna gluteni hata chembe. Basi ni nini kiushikacho mkate wa kumimina usianguke? Ni uzito wa rojo pamoja na wakati wa moto. Rojo likiwa jepesi mno, hewa hupanda na kutoka. Likiwa zito mno, haliumuki. Likiwa sawa, moto hulikuta limejaa mapovu, na wanga wa mchele hugandamana kuyazunguka kabla hayajapasuka. Mafuta ya nazi nayo huufanya kitumba chake kiwe laini. Mpishi wa keki ana mizani, ana kipimo cha joto, na ana ngano imsaidiayo. Binti wa Kwale alikuwa na macho yake na makaa ya mkaa. Aliyestahili kutahiniwa pale mezani hakuwa yeye.

Najua utaniambia kwamba kukuna nazi kunapoteza wakati. Shtaka hili nalisikia kila mahali, na hasa kwa watu wasiokuna. Mimi nimekuna nazi tangu utoto wangu, na nazi moja hunichukua dakika kumi, au kumi na tano nikiwa na mazungumzo. Tena siku hizi hakuna sheria imlazimishayo mtu kukalia kibao. Blenda husaga nazi iliyokatwa vipande vidogo pamoja na maji, na chujio likamaliza kazi. Tui lake halina kosa kubwa, ijapokuwa machicha yake hayafai kwa kashata kama yale ya mbuzi. Mimi sikiabudu kibao. Ninachokipinga ni kuambiwa kwamba dakika kumi ni nyingi na yule yule aliyekaa saa mbili jana akitazama simu.

Walakini katika shtaka hili mna ukweli uliofichwa, nami sitauficha. Wakati unaopotea ni wa mtu fulani. Nyumba nyingi za pwani zilimweka msichana juu ya mbuzi kila jioni, na kaka yake akaenda uwanjani. Msichana huyo alipokua alikichukia kibao, naye hakukosa. Alichukia dhuluma, lakini dhuluma ilikuwa imevaa sura ya nazi. Kwa hiyo wewe mvulana usomaye ukurasa huu, na ambaye umekuwa ukitabasamu tangu mwanzo ukidhani habari hizi ni za dada zako, nina neno nawe. Akweaye mnazi ni mwanamume. Agemaye ni mwanamume. Katika arusi nyingi za Mombasa wapikao pilau kwa masufuria makubwa ni wanaume, na hakuna awacheka. Ni kitu gani basi kilicho katika hatua ile moja, kati ya kuipasua nazi na kuila, kiwezacho kuuharibu uanaume wako? Nimetafuta sababu hii miaka mingi, na kila niliyopewa ilikuwa uvivu.

Shtaka la pili ni zito zaidi, na halijibiwi kwa mzaha. Husemwa kwamba nazi huua, kwamba mafuta yake huziba mishipa ya moyo. Wako watetezi wa nazi ambao hulijibu kwa kuigeuza nazi kuwa dawa ya kila ugonjwa. Hao simo nao, na ningefurahi wakininyamazia. Ukweli ni huu. Katika kila sehemu kumi za mafuta ya nazi, karibu tisa ni mafuta ya aina iitwayo shibe, na mafuta ya aina hiyo hupandisha kolesteroli katika damu. Mwaka 2017 Chama cha Moyo cha Marekani kilishauri watu wasitumie mafuta ya nazi kwa sababu hiyo. Mtu aliyeambiwa na daktari wake apunguze, na apunguze.

Lakini hapo si mwisho wa habari. Katika visiwa vya Tokelau, katika Bahari ya Pasifiki, watu walipata zaidi ya nusu ya nguvu ya chakula chao kutoka katika nazi. Ian Prior na wenzake wa New Zealand walitangaza uchunguzi wao mwaka 1981: kolesteroli ya watu hao ilikuwa juu kuliko ya watu wa Pukapuka waliokula nazi kidogo zaidi, na hata hivyo magonjwa ya mishipa ya moyo yalikuwa machache katika visiwa vyote viwili. Watu wale walikula samaki na nazi, wakala sukari kidogo, wakafanya kazi kwa miili yao. Sisemi kwamba habari hii yaifuta ile ya kwanza. Nasema kwamba mtu hali nazi peke yake. Hula chakula kizima katika maisha mazima. Tui la nazi moja, likigawanywa katika chungu cha mbaazi cha watu sita, si sawa na kunywa mafuta kikombe kizima asubuhi kwa kuwa mtu fulani ameahidi utapungua mwili.

Tena tazama kilicholetwa mahali pa nazi. Kwa muda wa karne iliyopita majiko ya dunia yaliingia mafuta yaliyogandishwa viwandani kwa hidrojeni, meupe, yasiyo na harufu, yakisifiwa kuwa ni ya kisasa. Mafuta hayo, yakigandishwa nusunusu, huwa na mafuta ya transi, na leo hakuna mtaalamu ayateteaye. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliyataka mataifa yote yayaondoe katika chakula. Watu walioaibishwa kwa ajili ya tui lao walipewa kitu kibaya zaidi, wakakipokea kwa shukrani. Kwa hiyo nikisikia leo neno "kisasa" likitumiwa kuwa hoja jikoni, mimi huomba kwanza kusoma maandishi ya kwenye kopo.

Na kwa kuwa tumelitaja kopo, tulisome. Tui la kopo aghalabu huwa na vitu vya kulizuia lisikatike, kwa maana hakuna upawa ndani ya kopo. Baadhi ya tui la unga hutengenezwa kwa kuongezwa kaseineti ya sodiamu, ambayo ni protini itokayo katika maziwa ya ng'ombe. Fikiri jambo hilo vizuri. Mama mwenye mtoto adhurikaye kwa maziwa ya ng'ombe hukimbilia nazi ili amwokoe, akanunua pakiti yenye picha ya mnazi, akamrudishia mtoto kile kile alichokikimbia. Hakuna aliyemdanganya, imeandikwa pale, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa.

Silichukii kopo. Liko linalotengenezwa hapa hapa pwani yetu kwa nazi zetu, na mtu wa Kisumu au Nakuru asiyeweza kupata nazi nzuri na alinunue hilo. Liko pia litokalo mbali, Thailand na Sri Lanka, na hukaa juu ya rafu za Mombasa, mahali ambapo mtu akitoka mlangoni aweza kuiona minazi. Hapo ndipo ninapokasirika. Mnazi mrefu wa pwani huanza kuzaa baada ya miaka 6 au 7, kisha huweza kuzaa kwa zaidi ya miaka 60. Aupandaye huwapandia wajukuu. Sasa mjukuu yupo, nazi zipo, na mchuuzi huja shambani Kilifi kuzinunua kwa bei aitakayo yeye, kwa sababu akikataa hakuna mwingine. Mwenye shamba ana njia tatu. Aweza kuzitoa nazi kwa bei hiyo. Aweza kumpa mgema mnazi, na karara igemwayo haizai nazi. Au aweza kumwita mwenye msumeno, kwa kuwa mbao za mnazi zina soko, na ploti ina soko kuliko mbao. Simlaumu kwa lolote katika hayo matatu. Namlaumu alaye wali wa nazi Mombasa kwa tui lililovuka bahari nzima, kisha akauliza kwa huzuni minazi ya zamani ilikwenda wapi.

Limebaki shtaka moja, nalo husemwa kwa sauti ya chini: kwamba nazi ni chakula cha watu wa pwani, na shule ni ya taifa zima. Neno hili lina sura ya haki, lakini ndani ni tupu. Mahindi yalitoka bara la Amerika. Chapati ilitoka Bara Hindi, na majani ya chai yalianzia Asia. Vyote hivi vimepewa uraia jikoni mwetu pasipo kuulizwa cheti cha kuzaliwa. Keki ya siagi ilitoka Ulaya, nayo imepewa uraia na kiti cha mbele. Mnazi wenyewe, kama wataka kuujua ukoo wake, si mzaliwa wa hapa. Wataalamu waliochunguza mbegu zake, na kutangaza mwaka 2011, waliona kwamba ulilimwa kwanza katika mahali pawili, upande wa Bahari ya Hindi na upande wa Pasifiki, na kwamba baadhi ya minazi ya upande wetu wa Afrika imechanganya damu za pande zote mbili. Ulikuja na mabaharia. Ulipokewa, ukapewa majina, ukazaa mapishi.

Tena kibao kile kinachoitwa cha kishamba kina ukoo mrefu. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliandika katika habari za Dhofar, ambayo leo ni kusini ya Oman, namna watu wa huko walivyopata tui: mwanamke huketi juu ya kiti katika nyumba yake, akaikwangua nyama ya nazi kwa chuma, kisha huikanda kwa maji mpaka yakawa meupe kama maziwa. Karibu miaka 700 imepita. Ukienda leo soko la Kongowea utauona mbuzi unaouzwa karibu na malundo ya nazi, na mtu wa Dhofar wa zamani hizo angejua mara moja pa kukaa. Ni vyombo vingapi vya jikoni mwa mwamuzi wetu viwezavyo kudai umri huo?

Mtaalamu wa kutunga mitihani aweza kunijibu kwamba hana kipimo cha mkate wa kumimina. Karatasi yake ina nafasi ya uzito wa siagi, joto la tanuri na urefu wa keki. Basi na aiongeze karatasi. Aandike: je, rojo liliumuka? Je, mkate umeiva juu na chini kwa usawa? Je, ukikatwa, una vitundu vidogo vidogo kutoka mwisho hata mwisho, au umekaa kama sabuni? Je, tui lilitoka katika nazi safi, na harufu ya iliki imeizidi nazi au imeisindikiza? Hayo ni maswali yenye majibu, na mwanafunzi yeyote aweza kupata sifuri kwa haki. Wapishi wabaya wa mkate wa kumimina wako wengi, nami nimekula kwao.

Habari za yule binti nilizipata baadaye kwa mwalimu wake. Mwaka uliofuata aliomba apewe pesa za siagi na unga wa ngano. Alipika keki, akaipaka sukari nyeupe, akawa wa nne.